Kurudi Nyuma Bila Bernie

Saa 12:40 asubuhi, Ijumaa ya tarehe 31 Oktoba, Delmar Koskela anaizunguka nyumba yake huku ameigusa kwa kiganja cha mkono wa kushoto. Haondoi mkono.

Kiganja kinapita juu ya taa ya nyuma, kifuniko cha bomba la majitaka, gurudumu, gurudumu la pili, kishikio cha mlango, ngazi iliyokunjwa, mitungi miwili ya gesi iliyofungwa mbele. Anafika alipoanzia, anageuka, anazunguka tena kwa upande wa pili akitumia mkono wa kulia.

"Ukizunguka upande mmoja tu, jicho linazoea," anasema. "Mara ya pili ndipo unakiona ulichokipita mara ya kwanza."

Nyumba hiyo ni tela jeupe la kuishi, urefu wake futi 27, umri wake miaka 19, na huvutwa na pikapu. Leo litakwenda mita 400 tu: kutoka egesho la wapita njia hadi kiwanja namba 1, karibu na lango la kambi ya Red Wash, kusini mwa New Mexico.

Kiwanja namba 1 ni cha mwangalizi wa kambi. Delmar, mwenye umri wa miaka 71, akiliingiza tela humo kabla ya saa sita mchana, atakuwa na kazi na pa kukaa hadi mwisho wa Aprili. Asipoweza, nafasi itakwenda kwa jina linalofuata kwenye orodha. Yeye atauza tela na kwenda kuishi kwenye chumba cha chini cha nyumba ya mwanawe, Eino, huko Duluth.

Kiwanja hicho huingiwa kwa rivasi. Delmar hajapiga rivasi na tela kwa miezi 23.

Hilo ni jambo ambalo watu wanaomfahamu wangeona gumu kuamini. Wengi wao hawajawahi kumwona. Wanamfahamu kwenye Pahali Tambarare, jukwaa la mtandaoni la wenye nyumba za magurudumu, ambako wageni huuliza na wazoefu hujibu. Delmar alijiunga mwaka 2012. Hadi juma lililopita alikuwa ameandika majibu 11,214: matairi, mabetri, panya waliotafuna nyaya, jokofu linaloharibika kwa sababu tela limeegeshwa likiwa limeinama.

Jukwaa hilo lina taratibu zake. Muulizaji hutaja kwanza tela lake ni la mwaka gani na urefu gani. Hakuna anayechekwa kwa swali. Na watu wa nyumba moja hutumia jina moja. Jina la Delmar ni Del na Bernie.

Bernie ni Bernadine, mkewe. Delmar alikuwa fundi wa mabasi ya shule katika mji wa Ishpeming, Michigan, kwa miaka 31. Bernie alikuwa mpishi kwenye shule hiyohiyo. Mwaka 2011 waliuza nyumba, wakanunua tela, wakaingia barabarani. Majira ya joto walikuwa kaskazini, majira ya baridi jangwani, na karibu kila mahali walifanya kazi ya uangalizi wa kambi.

Mwangalizi huosha vyoo mara mbili kwa siku, huchota majivu, huwaonyesha wageni viwanja vyao na huwaomba watu wazima wapunguze muziki. Malipo ni kiwanja, maji na umeme bila kulipia, pamoja na dola 60 kwa wiki hapa Red Wash. Pensheni ya Delmar ni dola 1,640 kwa mwezi.

Katika wanandoa wa barabarani kazi hugawanywa mapema, na ikishagawanywa haibadiliki. Mmoja huendesha. Mwingine, wakati wa kuegesha, husimama nyuma na kumwongoza dereva kwa mkono, kama utingo wa lori. Delmar aliendesha. Bernie alisimama nyuma kushoto, mahali ambapo dereva humwona kwenye kioo cha pembeni.

"Wapo wanaoachana kwa sababu ya rivasi," anasema Delmar. "Mmoja anapiga kelele 'kata, kata', mwingine anauliza 'nikate wapi', na kambi nzima inasikia. Bernie hakupiga kelele. Ni mkono tu. Mkono ukishuka, nasimama. Hata kama sijui kwa nini, nasimama."

Waligombana mwaka wa kwanza pekee, walipogonga uzio wa mtu na kila mmoja akasema kosa ni la mwenzake. Siku hiyo Bernie alinunua daftari la jalada la kijani, akapiga safu tatu: mahali, dereva, na aliyesimama nyuma. "Tuandike, tusibishane," alimwambia mumewe.

Daftari hilo bado lipo, kwenye droo chini ya meza ya kulia. Lina mistari 611 iliyoandikwa kwa mwandiko wa Bernie. Safu ya pili ni D kila mara. Safu ya tatu ni B kila mara.

Kati ya watu waliojifunza kwa Delmar, mmoja ni Roxana Pruett, 58, ambaye kwa miaka 26 alifua mashuka ya hospitali moja huko Ohio. Mwaka 2022 alinunua tela dogo lililotumika, akaanza safari peke yake. Swali lake la kwanza kwenye jukwaa bado linasomeka. Anasema hana aibu nalo tena.

"Tela langu ni la 2011, futi 21," aliandika. "Choo hakishuki. Na koki ya tangi la choo niliiacha wazi tangu nilipofika, wiki tatu sasa, ili mambo yajiendee yenyewe."

Jibu la Delmar lilikuja baada ya dakika sita. "Karibu. Ulipoacha koki wazi, maji yalikwenda. Kilichobaki unakijua. Sasa kimejenga mlima."

"Mlima?"

"Kama wa mchanga, ila si mchanga."

"Mzee, niambie unatania."

"Funga koki. Jaza tangi maji mpaka juu. Acha siku moja. Kisha livute tela maili thelathini kwenye barabara mbovu, urudi, ufungue."

"Nisafiri na mlima wangu?"

"Mpeleke akaone nchi."

Ilimchukua Roxana safari tatu, maili 90. Siku tangi lilipofunguka aliandika neno moja, "Umeshuka," na watu 140 wakampongeza. Delmar aliongeza mstari mmoja chini: "Kila mmoja hapa alifanya hivyo mara moja. Bernie anauliza kama umekula."

Tangu hapo Roxana aliuliza, Delmar akajibu. Alimfundisha kusoma umri wa tairi ubavuni mwake. Alimfundisha kuwa mwanamke aliye peke yake aweke mlangoni viatu vikubwa vya kiume na viti viwili vya kukunja, ili wapita njia wadhani wako wawili. Roxana alinunua buti za mtumba, saizi 12.

Delmar naye huweka viti viwili nje. Mlangoni mwake kuna viatu vya mvua vya kike, saizi 7.

Bernadine Koskela alifariki tarehe 9 Novemba 2023, kwa kiharusi, katika hospitali ya mji mmoja wa magharibi mwa Texas. Alikuwa na miaka 67. Walikuwa wamefika kambini siku nne kabla. Mstari wa 611 ndio wa kambi hiyo.

Wiki mbili na siku chache baadaye, tarehe 28 Novemba, Delmar alifika kambi nyingine, akapewa kiwanja cha kuingia kwa rivasi, akaanza kurudi nyuma.

"Nilitazama kioo cha kushoto, nikangoja mkono ushuke," anasema. "Haukushuka. Nikaendelea."

Kona ya nyuma ya tela iligonga nguzo ya bomba la maji. Kiraka cha bati kilichozibia hapo kina ukubwa wa viganja viwili.

Tangu siku hiyo amelala kwenye viwanja vya kupitiliza tu, vile ambavyo gari huingia upande mmoja na kutokea mwingine, au jangwani penye uwazi. Ni vituo 41. Ameviandika vyote kwenye daftari la kijani, kwa mwandiko wake. Kwenye safu ya tatu amepiga kistari.

Jukwaa hakuliambia. Katika miezi iliyofuata jina la Bernie limeonekana ndani ya majibu yake mara 74, kila mara kama mtu aliye hai. Delmar haikatai hesabu hiyo.

"Sikukaa nikaamua kudanganya," anasema. "Mtu aliuliza sisi tunapangaje kabati ili vyombo visivunjike njiani. Kabati lilikuwa bado la Bernie. Nikaandika, Bernie anaweka vikombe chini. Na kweli vilikuwa bado chini."

Kisha anauliza: "Baada ya hapo ningeanzia wapi?"

Wageni wapya walipouliza habari ya rivasi, alijibu kwa maneno yaleyale aliyoyatumia tangu 2012: mwenzako asimame nyuma kushoto, usipomwona kwenye kioo simama. Jibu hilo amelitoa mara 19 tangu mkewe afariki.

Mwezi Septemba msimamizi wa Red Wash, Yolanda Archuleta, 44, alimpigia simu. Jina la Delmar lilikuwa limekaa kwenye orodha kwa misimu miwili. Alikubali kabla ya kuuliza kiwanja kinaingiwaje.

"Alikuja wiki iliyopita na futi ya kamba," anasema Yolanda. "Akapima. Kesho yake akapima tena. Siku ya tatu nikamwambia, Bwana Koskela, kiwanja hakikui."

Upana ni futi 14, kati ya nguzo ya umeme na mti wa miiba wa jamii ya mathenge. Tela lina upana wa futi nane na nusu. Kibaya zaidi ni barabara yenyewe. Ni ya kuelekea upande mmoja tu, na anayeifuata hukikuta kiwanja mkono wake wa kulia. Dereva wa huku hukaa kushoto. Hulazimika kurudi nyuma kuelekea upande asiouona.

Wafanyakazi wa kambi hawaruhusiwi kumwongoza mtu anayeegesha. Ni sharti la bima. Delmar angeweza kumwomba jirani, na Yolanda alimshauri hivyo.

"Jirani husimama nisipomwona," anasema Delmar. "Halafu hupunga mikono yote miwili. Sijui niutii upi."

Jumatatu ya tarehe 27 Oktoba, saa tisa alasiri, aliandika kwenye jukwaa. Ukurasa wake unaonyesha majibu 11,214 na swali moja. Swali ni hili: "Tela la 2006, futi 27. Mtu aliye peke yake anapigaje rivasi kuingia upande asiouona?"

Jibu la kwanza lilikuja baada ya dakika mbili. "Del, umeibiwa simu? Mweke Bernie nyuma kushoto kama unavyotuambia sisi." La pili: "Bernie kagoma? Mnunulie maua." La tatu lilikuwa picha ya mtu akicheka.

Saa tisa na dakika ishirini na tano Delmar aliandika: "Bernie alifariki Novemba 2023. Nilipaswa kusema. Swali langu ni lilelile."

Kisha pole zikaanza. Hadi jioni zilikuwa 212, kutoka majimbo 38 na Kanada. Watu walitaja mlo ambao Bernie aliwaelekeza kupika, kambi walizokutana naye, koti alilomshonea mbwa wa mtu. Delmar alizisoma zote.

"Zilikuwa nzuri," anasema. "Hakuna hata moja iliyosema usukani nikate wapi."

Jibu la swali lilikuwa moja. Roxana hakuliandika. Alipiga simu.

Alikuwa Dakota Kaskazini, kwenye mavuno ya viazi sukari, vile vinavyotengenezewa sukari, ambako wenye matela wengi huenda kila Oktoba kwa zamu za saa 12. Alipiga akiwa kwenye mapumziko. Mazungumzo hayo wote wawili wanayasimulia kwa namna moja, isipokuwa Delmar anasema Roxana alilia, na Roxana anasema ilikuwa vumbi.

"Nina dakika kumi na tano, na nina tope mpaka kwenye nyusi," alianza Roxana. "Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza."

"Kila Krismasi nimekuuliza Bernie anaendeleaje."

"Uliniuliza."

"Ukaniandikia anakusalimia sana."

"Ndiyo."

"Krismasi mbili, Del."

"Ndiyo."

"Haya. Hilo lina siku yake, na siku hiyo utanisikia. Sasa nina dakika kumi na mbili. Kiwanja kiko upande gani?"

Alimweleza. Barabara, mti, nguzo, futi 14. Roxana alisikiliza, kisha akauliza kama asubuhi na mapema kuna magari mengi yanayopita.

"Hakuna. Watu wanaamka saa mbili."

"Basi mwombe huyo msimamizi akuruhusu uje kinyume na mshale. Ukija kinyume, kiwanja kinakuwa kushoto kwako. Unatoa kichwa dirishani unaliona gurudumu lako mwenyewe."

"Kuna kibao pale, Roxana. Hakuna kuingia."

"Kibao kimewekwa na mtu. Mtu huyo ana simu."

Delmar anasema katika miaka 14 hakuwahi kufikiria kuomba. Pamoja na Bernie hakukuwa na haja. Upande usioonekana ulikuwa unaonekana.

Roxana aliendelea. Achukue soksi nane nyeupe, azijaze changarawe, azipange mstari mmoja kutoka barabarani hadi mwisho wa kiwanja, mahali hasa ambapo magurudumu ya kushoto yanatakiwa kupita kando yake. Mkono auweke sehemu ya chini ya usukani: unapoupeleka kushoto, mkia wa tela unakwenda kushoto. Asitazame nguzo wala mti. Atazame gurudumu na soksi.

"Na kila usipokuwa na hakika, unashuka unakwenda kuona."

"Nitashuka mara ngapi?"

"Mara zote. Mimi siku ya kwanza nilishuka mara thelathini na moja. Watu walileta viti wakakaa kunitazama. Mmoja alileta na mahindi ya bisi."

"Mimi nimeendesha mabasi, Roxana. Nimeendesha tela miaka kumi na nne."

"Umeendesha. Lakini wewe unajua kuutii mkono, mzee. Kutazama hujui. Mimi sikuwa na mkono wa kuutii, ndiyo maana najua."

Kabla ya kukata alimpa sharti. Akishaingia, atoke, aingie tena. "Mara moja ni bahati," alisema. "Na leo utapata jirani wa kukuongoza. Aprili utakapotoka hapo, utampata nani?"

Yolanda Archuleta alitoa kibali siku ya pili, kwa maandishi: tarehe 31 Oktoba, kuanzia saa 1:00 hadi saa 3:00 asubuhi, mtu mmoja, tela moja, kinyume na mshale. Baada ya saa tatu wageni huanza kuondoka, na barabara inarudi kuwa ya upande mmoja.

Saa 1:05 asubuhi pikapu inasimama mbele ya kiwanja namba 1, ikielekea isikotakiwa kuelekea. Soksi nane zimelala chini kwenye mstari. Kioo cha dirisha la dereva kimeshushwa. Redio imezimwa.

Viwanja namba 3 na 4 vimeamka. Jozi mbili za wanandoa wanatoa viti vya kukunja na kukaa upande wa pili wa barabara na vikombe vya kahawa. Huo ndio utaratibu wa kambi zote. Rivasi ya mtu mwingine hutazamwa.

Jaribio la kwanza, tela linaingia mapema mno na kukanyaga soksi ya tatu. Delmar anasimama, anashuka, anatembea hadi nyuma. Ni hatua 19. Anasimama kwenye kona ya nyuma kushoto, anatazama, anarudi hatua 19, anapanda, anavuta mbele.

Jaribio la pili, mkono unakwenda kushoto kupita kiasi na tela linajikunja dhidi ya pikapu. Anavuta mbele tena.

Kwenye jaribio la tatu mwanamume wa kiwanja namba 3, aliyevaa kaptula licha ya baridi ya nyuzi sita, anaacha kikombe, anavuka barabara na kuanza kupunga mikono yote miwili. "Njoo, njoo, kata kulia. Kulia kwako. Hapana, kulia kwangu."

Delmar anasimamisha gari na kushuka. "Asante, bwana. Nitafurahi ukinisaidia kwa kukaa."

"Nilitaka tu kukupa macho."

"Najua. Rudi kwenye kahawa, inapoa."

Mke wa jirani huyo anacheka. Mwanamume wa kaptula anarudi kwenye kiti.

Jaribio la nne linafika nusu. La tano linafika nusu na kuegemea upande wa mti. Tawi moja linakwaruza ukuta, sauti inasikika hadi barabarani. Delmar anashuka. Hatua 19. Safari hii anasimama kwenye kona ya nyuma kushoto kwa sekunde 50 hivi, muda mrefu kuliko mara zote nyingine. Macho yake yako kwenye kioo cha pembeni cha pikapu, mahali ambapo dereva angeonekana. Hakuna mtu ndani. Anarudi.

Jaribio la saba, saa 2:10 asubuhi, magurudumu ya kushoto yanapita kando ya soksi zote nane. Tela linasimama katikati, futi tatu kutoka kwenye nguzo na kidogo chini ya hapo kutoka kwenye mti. Ameshuka mara 14. Upande wa pili wa barabara watu wawili wanapiga makofi.

Delmar anawasha gari na kulitoa tela nje.

"Bwana," anaita wa kaptula, "ulikuwa umeshaingia."

"Niliahidi mara mbili."

"Ulimwahidi nani?"

"Mgeni mmoja."

Mara ya pili inachukua majaribio matatu. Anashuka mara tano. Hakuna soksi iliyokanyagwa. Saa 2:31 injini inazimwa, imebaki chini ya nusu saa kibali kiishe.

Anaweka vizuizi kwenye magurudumu, anafungua ndoano, anapanda ndani na pimamaji. Kiputo cha hewa kimekwenda kulia kidogo, maana yake kushoto pako chini. Anainua kwa jeki, anasukuma kibao kimoja chini ya gurudumu la kushoto. Anapima tena. Kiputo kiko katikati.

Anampelekea Roxana picha. Jibu linarudi papo hapo, kutoka kwenye rundo la viazi sukari: "Hii ni ya kwanza au ya pili?"

"Ya pili."

"Shahidi?"

"Mzee mmoja wa kaptula."

"Baridi hii? Shahidi gani huyo."

Saa 2:50 Yolanda anafika na fomu. Anaangalia nguzo, anaangalia mti, anaona mkwaruzo, hausemi. Anatia saini na kumkabidhi funguo za vyoo na za ghala la kuni.

"Kibali changu kinaisha saa tatu," anamwambia.

"Nimeshakimaliza."

"Basi okota hizo soksi barabarani, Bwana Koskela. Watu watadhani tumefungua dobi."

Mpango wake ni kukaa hadi tarehe 30 Aprili, kisha aelekee kaskazini polepole, akilala kwenye viwanja vya aina yoyote. Roxana amemwandikia kuwa mavuno yakiisha atashuka kusini, na ameomba kiwanja namba 2 kwa mwezi Desemba. Hawajawahi kuonana. Kiwanja namba 2 nacho huingiwa kwa rivasi.

"Nitatoa kiti nje nimtazame," anasema Delmar. "Mahindi ya bisi nitanunua."

Nje ya mlango ameshaweka viti viwili. Viatu vya mvua, saizi 7, amevirudisha mahali pake karibu na ngazi. Jina lake kwenye jukwaa bado ni Del na Bernie. Anasema halibadilishi.

Saa 3:20 asubuhi anakaa kwenye meza ya kulia, anavuta droo, anatoa daftari la jalada la kijani. Anafungua ukurasa wenye vistari 41 kwenye safu ya tatu. Chini yake anaandika: Red Wash, namba 1. Kwenye safu ya dereva anaandika D. Kwenye safu ya aliyesimama nyuma anaandika D.